Chai ilipoa mezani

Jana usiku, hapa kwetu Shella, Malindi, tulikuwa tukitazama tamthilia na mamangu pamoja na jirani yetu. Ikafika pale wakala wa kazi za ng'ambo anamwambia binti, "Nipe pasipoti nikuwekee, usije ukaipoteza." Jirani akaweka kikombe chini, hakukigusa tena. "Maneno hayo hayo," akasema, "ndiyo aliyoambiwa mwanangu."

Bintiye alikwenda Ghuba kwa kazi za ndani. Alipofika akanyang'anywa pasipoti na simu. Amerudi, alhamdulillahi, lakini miaka yote hii mamake akituambia tu kwamba kazi ilimshinda. Aibu ilimfunga mdomo.

Nimehudhuria mikutano mingi ya uhamasishaji hapa mjini. Hutajwa sheria ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30 (na ni vizuri watu wajue), lakini sijaona mtu akifunguka vile. Tamthilia ilimwonyesha wakala kama tunavyowajua: mpole, msafi, anaanza kwa salamu, tena ni jamaa ya mtu.

Mamangu akapunguza sauti ya runinga, akamshika mkono.

Sehemu inayofuata ni Alhamisi. Jirani amesema atakuja na bintiye.