Kisumu kwa Saa ya Ziwa

Mwaka 2023 kongamano la wahandisi wa mitandao ya redio lilifanyika Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, na sisi wa kundi la Nakuru tulikubaliana mapema kwamba hatungerudi na beji peke yake. Ugumu wa safari za aina hii unajulikana. Vikao huanza saa tatu asubuhi na kumalizika saa kumi na moja jioni, basi kila mtu hudhani jioni ndiyo nafasi ya kuutembelea mji. Kisumu haitaki hivyo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwa huingia kuchukua nafasi. Ikifika alasiri mawimbi yameinuka, na mara nyingi wingu zito limejikusanya upande wa milima ya Nandi, tayari kumwaga mvua ya radi kabla ya giza. Ziwa hutulia alfajiri. Kwa hiyo matembezi yetu tuliyaweka kati ya saa kumi na mbili na saa mbili na nusu asubuhi, na jioni tukaiachia usingizi wa mapema.

Mpango huo ulihitaji mambo mawili. Kwanza, tuliwaandikia waandalizi mapema kuomba mada yetu iwekwe siku ya kwanza. Mwenye mada ya siku ya mwisho hubadilisha slaidi zake kila usiku na haoni kitu kingine. Slaidi zetu tulizihifadhi kwa PDF ili herufi zisihame kwenye kompyuta ya ukumbi, video tukaiweka kwenye flashi badala ya kutegemea intaneti ya mkutano, na tukabeba adapta ya HDMI, maana laptopu nyingi za siku hizi hazina tena tundu hilo la kuunganisha projekta. Pili, tulilala mtaa wa Milimani badala ya hoteli ya mkutano. Kutoka huko, barabara ya kwenda Hifadhi ya Impala na ufuo wa Dunga iko karibu, na bodaboda hupatikana hata kabla ya jua kuchomoza.

Sweta za Nakuru zilibaki mkobani. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni kama 1,130, na tofauti hiyo ngozi huisikia mara tu gari linapoteremka kutoka Kericho kuelekea Awasi na Ahero.

Asubuhi ya Dunga ndiyo iliyostahili safari nzima. Bei ya mashua huelewanwa mkiwa bado nchi kavu, kwa mashua nzima wala si kwa kichwa, na ni lazima kuuliza kama petroli imehesabiwa. Jaketi la kuokolea hujaribiwa buckle kwa buckle, maana lililokatika mkanda halimfai mtu. Jambo la tatu husahaulika na wengi: samaki huagizwa kabla ya kupanda mashua. Ngege (tilapia) mzima huparwa, hukaangwa, kisha wengi humpitisha kwenye mchuzi wa nyanya na kitunguu, na kazi hiyo huchukua karibu saa nzima. Ukimwagiza ukirudi, kikao cha kwanza kitaanza bila wewe. Mchague mwenyewe: matamvua yawe mekundu, jicho liwe angavu na lililojaa, na nyama ikibonyezwa irudi.

"Omera (ndugu), kaa katikati," nahodha alimwambia mmoja wetu aliyekuwa anainamia ubavuni na darubini, na tukaondoka kando ya mafunjo. Humo anaishi ndege ambaye watazamaji husafiri mbali kumtafuta, mwenye kifua chekundu, mgongo mweusi na utosi wa manjano, asiyetoka kwenye mafunjo. Husikika kabla ya kuonekana: mmoja huita, mwenzake humjibu papo hapo. Hapo injini huzimwa na watu hunyamaza. Mashua za omena, yaani dagaa, zilikuwa zinarudi na taa zao. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa pevu mwanga wa taa huwa hauna nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo anayetaka kuona mashua hizo aangalie kwanza mwezi uko wapi.

Tulipovuka kipande cha magugu maji, injini ilibadilisha mlio. Nahodha aliizima, akaiinua kwa nyuma, akakata kwa kisu mizizi iliyojiviringisha kwenye propela. Kisha akasafisha matundu madogo yaliyo upande wa chini. Injini hii hujipoza kwa maji ya ziwa inayoyavuta kupitia matundu hayo. Yakiziba, ule mchirizi mwembamba unaoruka nyuma ya injini hukatika, na dakika chache tu za kuendelea hivyo huiunguza. Baada ya hapo sote tulikuwa tunaukodolea macho mchirizi.

Tukiwa majini, mada ya jana yake ilipata uhai. Mzungumzaji alikuwa ameeleza kwa nini kiungo cha redio, yaani mawasiliano kati ya minara miwili, kinachovuka maji husumbua kuliko cha nchi kavu: wimbi moja la redio hufika moja kwa moja, jingine hugonga uso wa maji na kufika likiwa limechelewa kidogo, na yakipishana vibaya huuana. Uso uliotulia huakisi vizuri zaidi, ndiyo maana kiungo chaweza kuzorota saa ambazo ziwa linapendeza kuliko zote. Dawa yake ni antena mbili kwenye mnara mmoja zikiwa kwenye urefu tofauti, ili moja ikidhoofika nyingine iendelee kupokea. Ukumbini ilikuwa michoro. Pale Dunga maji yalikuwa laini kabisa, minara ya ng'ambo ya Ghuba ya Winam tuliikadiria kwa macho, na ubishi kuhusu kimo cha antena ukatufikisha hadi kwenye ugali.

Hifadhi ya Impala tuliiwekea asubuhi nyingine. Ni ndogo, hekta 34 hivi, na inatosha mwendo wa mguu kabla ya kikao. Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo yakamilishwe usiku ukiwa na intaneti nzuri, na kitambulisho kibebwe kwa sababu mkazi na mgeni hawalipi sawa.

Jumba la Makumbusho, lililofunguliwa mwaka 1980, ni la mchana, kwani miti yake ina kivuli. Tulilipitia katika mapumziko marefu ya chakula. Humo kuna boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi, na wahandisi walilisoma kama mchoro: nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango, na simba, nyumba ya mwana wa kiume, husogea karibu na lango. Nawashauri wageni wasikimbilie nyoka wanaofugwa humo kabla ya kusimama hapo langoni.

Kit Mikayi, rundo la mawe makubwa, ilingoja vikao viishe. Ni takriban kilomita 30, na matatu za Bondo huachana na barabara ya Busia pale Kisian. Anayetaka alama ya ikweta ya Maseno aifanye safari tofauti, kwa kuwa iko kwenye ile barabara nyingine. Mawe yale makubwa yaliyobebana hupandwa asubuhi yakiwa makavu, kwa viatu vyenye meno. Baada ya mvua huteleza vibaya. Waumini wa kanisa la Legio Maria huenda kusali kwenye mapango yake, kwa hiyo kiongozi wa pale ndiye husema wapi pa kupita na lini kamera irudi mfukoni.

Jumapili ni siku kubwa ya soko la Kibuye. Tulinunua omena kavu, tukaifunga mara mbili kwa mifuko isiyopitisha harufu kwa heshima ya abiria wenzetu, na tukaondoka stendi kabla ya adhuhuri ili tuipite Kericho kabla ya mvua yake ya alasiri.