Nilivyomnunulia mke wangu vespa isiyo na gia

Mke wangu anasomesha katika skuli moja ya mjini Unguja, nasi tunakaa Bububu, mwendo wa kama kilomita 10. Kwa miaka yote ya ajira yake alikuwa akipanda daladala namba 502, na kero yake kubwa haikuwa asubuhi bali mchana, anaporudi na mkoba wa madaftari begani, mfuko wa samaki wa soko la Darajani mkononi na mtoto wetu mdogo aliyemshika buibui. Siku moja aliingia ndani, akaweka mzigo chini, na kabla hata hajavua viatu akaniambia: "Baba watoto, mimi nataka vespa yangu mwenyewe."

Kwetu kila skuta ni vespa, hata iwe imeundwa India au Japani. Vespa halisi ya Kitaliano ya zamani, kama aliyokuwa nayo marehemu baba yangu, ina gia zinazobadilishwa kwa kuzungusha mkono wa kushoto huku umebana klachi, na mke wangu alikwisha kutamka wazi kwamba hiyo haitaki. Alitaka ile ya kuvuta mafuta ikaenda na kuachia ikapunguza mwendo, ambayo kazi ya gia hufanywa na mkanda unaopanda na kushuka kati ya puli mbili kulingana na mzunguko wa injini.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda kwa wauzaji peke yangu. Mimi ni mtu wa pikipiki kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo nikatazama nilichozoea kutazama: ukubwa wa injini, kasi, na mngurumo. Nikaipenda skuta moja ya cc 150, ndefu, yenye taa mbili za mbele na uzito wa kilo 130 na ushei, na nilibakia kidogo tu niilipie arbuni. Kilichonizuia ni fundi wangu wa siku nyingi, ambaye aliniuliza swali moja tu: "Nani ataitoa uani asubuhi, wewe au yeye?"

Uani kwetu kuna mteremko mfupi unaoelekea ndani, maana yake ni kwamba chombo kilicholala humo hutolewa kwa kusukumwa kwenda juu, tena kinyumenyume, kwa sababu nafasi ya kugeuza haipo. Wiki iliyofuata nikaenda na mwenyewe. Muuzaji alianza kumweleza habari za injini, naye akamsikiliza kwa adabu, kisha akaomba jambo ambalo mimi nisingelifikiria: aruhusiwe kuishusha ile skuta ya cc 150 kutoka kwenye stendi ya katikati, airudishe nyuma hatua 10, halafu aipandishe tena kwenye stendi bila ya kusaidiwa. Kuishusha aliweza. Kuirudisha nyuma aliweza kwa taabu, kwa sababu akiwa amekaa kitini ncha za vidole tu ndizo zilizogusa sakafu. Kuipandisha kwenye stendi hakuweza, na mara ya pili ilimlalia ubavuni mpaka mimi na muuzaji tukaidaka. Hakusema neno, aliifuta vumbi kwa kiganja na kwenda kwenye safu ya pili.

Kwenye safu hiyo zilikuwapo mbili zilizomfaa, Honda Activa na TVS Jupiter, zote za injini ya kiasi cha cc 110, zote na kiti cha urefu wa milimita 765 kutoka chini, na uzito wa kilo 105 hadi 110. Katika zote mbili nyayo zake zilitua barabara, na stendi ilipanda kwa kuikanyaga mguu mmoja huku akiinua kidogo mshikio wa nyuma. Akakagua pia gurudumu la nyuma, akihofia buibui. Sheria za India zinataka pikipiki iwe na kinga ya kuzuia nguo za abiria zisinaswe na gurudumu hilo, kwa ajili ya wanawake wanaopanda upande wakiwa wamevaa sari, na kinga hiyo inalifaa buibui vilevile. Hata hivyo, tulikubaliana kwamba abiria wetu, ambaye ni mtoto, atapanda kwa kutanua miguu na kwa helmeti ya saizi yake.

Kati ya hizo mbili, kilichoamua ni magurudumu. Jupiter ina ringi za inchi 12 mbele na nyuma, ilhali Activa tuliyoonyeshwa ilikuwa na inchi 12 mbele na 10 nyuma, na ringi ndogo huzama zaidi kwenye shimo. Njia yetu ya ndani, kutoka barabara kuu hadi nyumbani, wakati wa masika huwa na mashimo yasiyoonekana mpaka umeshaingia. Jambo jingine dogo alilolipenda, ingawa Activa ile nayo inalo, ni kwamba tangi la Jupiter hujaziwa kwa nje, kwa hiyo kituoni hahitaji kufunua kiti.

Ya umeme tuliizungumza kwa ufupi. Tungeweza kuichaji uani, lakini mafundi wa kuaminika wa betri zake sikuwajua, nami sikutaka afanyiwe majaribio.

Kuhusu kujifunza, nilijiandaa kumsomesha mwezi mzima kabla hajaenda kufanyiwa mtihani wa leseni ya pikipiki, na hapo ndipo nilipoaibika. Kwenye skuta isiyo na gia mkono wa kushoto ni breki ya nyuma, si klachi. Mimi nilipanda kumwonyesha, nikafika kwenye kona, vidole vyangu vikabana klachi isiyokuwapo, na skuta ikasimama ghafla mpaka kifua kikagonga usukani. Yeye alikulia Makunduchi akipanda baiskeli, ambayo breki zake zote mbili ziko mikononi, kwa hiyo alipokaa tu mikono yake ilijua la kufanya. Kilichomchukua muda ni kuvuta mafuta pole pole, kwa sababu skuta haiondoki mpaka injini ifikie mzunguko fulani, na anayevuta kwa pupa huchupa nayo.

Sasa imeshamaliza servisi ya kwanza, na kila Ijumaa anaiosha kwa maji baridi kwa sababu ya chumvi ya pwani. Mimi huiazima mara moja moja. Kabla ya kunipa ufunguo hunyanyua mkono wake wa kushoto na kuniuliza huu ni wa nini, na hanipi mpaka nijibu.