Silinda mbili za BSA ya mjomba

Pikipiki ya mjomba ilikaa miaka 19 katika banda la kuku mjini Tanga ikiwa na plagi moja tu ya cheche, badala ya moja kwa kila silinda. Plagi ya kushoto iling'olewa na jirani aliyeihitaji kwa pampu yake ya maji, akaahidi kuirudisha jioni, na kwa miaka hiyo yote tundu lile lilibaki wazi likipokea unyevu wa bahari, vumbi la pumba na kila uchafu ambao kuku wanaweza kuurusha. Nilipokabidhiwa pikipiki hiyo mwaka jana niliambiwa kwamba injini "imejam kidogo tu". Hicho kidogo ndicho ninachokieleza hapa.

Ni BSA A10, ile iliyoitwa Golden Flash, iliyoanza kuuzwa kwa mwaka wa 1950 kutoka kiwanda cha Small Heath, Birmingham. Kampuni yenyewe ilianzishwa na watengenezaji wa silaha mwaka 1861, na nembo yake ya bunduki tatu zilizosimamishwa kwa kuegemeana bado inaonekana kwenye kifuniko cha injini ya mjomba, japokuwa imelika. Injini ina ujazo wa sentimita za ujazo 646, silinda mbili zenye kipenyo cha milimita 70 na mwendo wa pistoni wa milimita 84. Aliyeichora, Bert Hopwood, aliziweka silinda zote mbili katika bloku moja ya chuma cha kusubu, na pistoni zake hupanda na kushuka pamoja, ingawa huwaka kwa zamu. Nataja umbo hilo kwa sababu ndilo lililoamua kila hatua ya kazi: silinda moja ikiumia, huwezi kuitibu peke yake bila kuiuliza ya pili.

Kuifungua kulichukua siku kumi. Nilijaza dizeli juu ya pistoni ya kushoto, nikaiacha inywe, na kila jioni niliingiza gia na kulitikisa gurudumu la nyuma mbele na nyuma bila kulilazimisha. Siku ya tisa niliweka kipande cha mti wa mninga juu ya pistoni na kukigonga. Pistoni ilisogea, na ukingo wake wa chini ukapasuka. Sikusikitika, kwa sababu katika ugomvi wa pistoni na bloku ni afadhali pistoni iumie. Pistoni mpya zinapatikana, lakini bloku ya mwaka huo huwezi kuikuta dukani Tanga wala kwingine kwa urahisi.

Bloku ilipotoka niliona magonjwa ya aina mbili. Silinda ya kushoto ilikuwa na mkanda wa kutu mahali ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zilipokaa miaka yote ile, na chini ya kutu kulikuwa na vishimo kama alama za ndui. Silinda ya kulia, ambayo nilidhani ni nzima, ilikuwa na mfereji mmoja ulionyooka kutoka juu hadi karibu na chini, wenye upana wa kalamu ya risasi. Mfereji huo haukutokana na kutu. Pini inayoiunganisha pistoni na konrodi, yaani mkono unaoifunga kwenye krenkshafti, huzuiwa kila upande na klipu ndogo ya waya. Klipu ikichomoka, pini hutembea pembeni na kuchana ukuta kila pistoni inapopanda na kushuka. Mjomba alipouona alinyamaza kidogo, kisha akakumbuka kwamba mwaka wa mwisho wa kuiendesha kulikuwa na "sauti ya sarafu" ndani ya injini, naye aliidhania kuwa ni mnyororo.

Hapo nilifanya ujinga ambao lazima niukiri. Nilizungushia msasa kwenye mti wa mviringo na kuisugua silinda ya kushoto kwa siku mbili, nikiamini kwamba kinachong'aa kimepona. Kilichong'aa ni sehemu ya katikati tu, mahali ambapo mkono hupita mara nyingi zaidi, na vishimo vilibaki vilevile.

Jambo moja nililolifanya kwa busara ni kukagua kitako cha bloku, yaani ule ukingo wa chini unaofungwa kwa nati juu ya chumba cha krenkshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. A10 za mwanzo zina kitako chembamba, na zinajulikana kwa kupasuka hapo. Baadaye kiwanda kilikiongeza unene. Ya mjomba ni nyembamba. Nilikipaka kitako mafuta ya taa, nikayaacha nusu saa, nikakifuta kikavu, kisha nikapaka unga wa chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka polepole na kuchora mstari wa kijivu juu ya chaki. Nilikaa nikikitazama kama mtu anayesubiri chai ichemke. Mstari haukutokea. Kama ungetokea ningeiacha kazi hapohapo, kwa sababu sioni faida ya kuchonga vizuri silinda ambazo kitako chake kitaachana na injini barabarani.

Bloku niliifunga kwa khanga kuukuu, nikaitia katika gunia na kupanda nayo basi hadi Dar es Salaam, nikiwa nimeipakata, maana ni nzito kama mtoto wa mwaka mmoja na mapezi yake ya kupozea huvunjika yakigongwa. Mawili yalikuwa yamekwisha kuvunjika. Huko, katika mtaa uitwao Gerezani, nilielekezwa kwa fundi kereza mmoja, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye hakuniuliza pikipiki ni ya aina gani wala ya mwaka gani. Aliuliza pistoni ziko wapi.

Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Pistoni nitaagiza Uingereza ukishamaliza kuchonga, ili nijue saizi."

"Marahaba. Basi rudi nayo nyumbani, mwanangu," akasema. "Mimi sichongi namba, nachonga pistoni. Ukiniletea pistoni ninayoweza kuishika, nitakuchongea silinda yake."

Alikubali hata hivyo kupima. Alitumia geji ya ndani yenye uso kama wa saa, akaishusha katika kila silinda na kusoma juu, katikati na chini, kwanza kwa upande wa pini na kisha kwa upande unaoukata, akiandika kwa chaki juu ya meza. Vernia yangu, rula ya kupimia yenye taya, aliisogeza kando kwa kidole kimoja. Msasa wangu ulikuwa umeipanua silinda ya kushoto katikati hata ikawa na umbo la pipa, na aliponiuliza nani ameisugua, nilisema niliikuta hivyo. Mungu anisamehe.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, lakini ndiyo inayowakwaza wengi. Silinda huchongwa kwa duara linalobaki kwenye kitovu chake, kwa hiyo kishimo chenye kina cha milimita 0.15 upande mmoja hakiondoki mpaka kipenyo kiongezeke milimita 0.30. Pistoni zenye ukubwa wa ziada kwa injini hii huuzwa kwa vipimo vya inchi, na hatua mbili za kawaida ni zile mafundi wanazoziita elfu 20 na elfu 40, yaani sehemu 20 na 40 za elfu moja ya inchi, ambazo ni karibu nusu milimita na milimita moja. Silinda ya kushoto ingesafishika kwa hatua ya kwanza, pamoja na pipa langu la msasa. Mfereji wa kulia ulikuwa na kina cha milimita 0.6, maana yake kipenyo kingehitaji kuongezwa milimita 1.2, na hata ile hatua ya pili isingeufuta. Silinda ya kulia ilihitaji slivu, yaani bomba la chuma linaloingizwa ndani yake kuwa ukuta mpya.

Nilikuwa na shauku ya kutia slivu pande zote mbili na kurudi kwenye milimita 70 kamili, kwa sababu namba ya kiwandani inampendeza mtu. Mzee alikataa, na sasa naona alikuwa sahihi. Ukuta wa bloku hii si mnene, hasa zile shingo mbili zinazozama katika chumba cha krenkshafti, na kuukata ukuta mzima ili kupata namba nzuri ni kuudhoofisha bure. Slivu ingeingia kulia tu, kisha silinda zote mbili zingechongwa kufuata pistoni za elfu 20, maana pistoni mbili zinazopanda pamoja lazima ziwe za saizi moja na uzito unaokaribiana.

Pistoni zilichukua wiki tano kufika kwa posta. Mapezi yalichomelewa kwanza, kabla ya mashine yoyote kugusa silinda, kwa kuwa joto hupinda chuma. Mchomeleaji aliipasha bloku nzima taratibu, akayaunga mapezi kwa shaba, kisha akaizika katika pipa la majivu hadi kesho yake; chuma cha kusubu kikipoa ghafla hupasuka kwa mlio unaousikia hadi barabarani. Kiungo kinaonekana, kina rangi ya njano, na sijakipaka rangi.

Slivu ilikerezwa kutoka kwenye slivu kubwa ya lori, nayo ni chuma cha kusubu kama bloku yenyewe, ili vyote viwili vitanuke sawasawa injini ikipata moto. Ilikuwa pana kuliko tundu lake kwa milimita 0.05. Ili iingie ilibidi tundu litanuke na slivu isinyae, na hapo ndipo nilipojua kwamba mzee ana mkataba wa kimyakimya na mtaa mzima. Slivu ililala usiku katika friza ya mama anayeuza barafu. Asubuhi, mkate wa mwisho ulipotoka, bloku iliingia katika tanuri la mwokaji wa jirani, ikakaa humo saa nzima kwenye joto linalokaribia nyuzi 200. Kwa joto hilo tundu la upana huo hufunguka zaidi ya milimita 0.1, nafasi ya kutosha kama hupotezi muda. Mzee aliishika slivu kwa glavu mbili zilizovaliwa moja juu ya nyingine, akailenga, akaiachia. Ilishuka kwa uzito wake yenyewe na kukaa kwenye ukingo wake wa juu kwa mlio mmoja mfupi. Baada ya sekunde chache hakuna mtu ambaye angeweza kuitoa tena.

Ndipo silinda zikachongwa, ya kushoto baada ya ya kulia kuwa na slivu, kwa sababu kubana kwa slivu husukuma kidogo hata ukuta wa jirani. Mikromita ilionyesha kwamba pistoni zangu mbili, ingawa zilitoka katika boksi moja, zilitofautiana: moja ilikuwa na milimita 70.41 chini ya sketi yake, yaani ukuta wake wa chini, na nyingine 70.39. Kila silinda ilichongwa ikafuata pistoni yake kwa nafasi ya milimita 0.10, maana pistoni ya alumini hutanuka karibu maradufu ya chuma cha kusubu, na ukiinyima nafasi hiyo injini itanoki, yaani pistoni itakwama, katika mlima wa kwanza. Nilitaka kuziandika pistoni herufi ili zisichanganyike, nikakumbuka kwamba kushoto na kulia zote zinaanza na K. Nikapiga nukta moja na nukta mbili.

Mwisho wa kazi ya mashine ni mawe ya kusugulia yanayozunguka huku yakipanda na kushuka, yakiacha michirizi inayokatana ambayo hushika oili. Michirizi hiyo hujaa unga wa jiwe, na hapa watu wengi huosha kwa petroli na kufunga. Petroli huondoa grisi na kuacha unga. Mimi niliosha kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, kwa brashi ya chupa, nikirudia mpaka kitambaa cheupe kilichopitishwa ndani kikatoka cheupe. Niliosha mara saba. Mara tu baada ya kukausha nilipaka oili, kwani kwa hewa ya Tanga silinda isiyo na oili hugeuka rangi ya chai kabla hujapata kikombe chenyewe.

Kuhusu kufunga nitasema mawili. Ringi kila moja niliiingiza kwanza katika silinda yake, nikainyoosha kwa kichwa cha pistoni, nikapima uwazi wa ncha zake na kuzipiga tupa zile zilizobana hadi nikapata kati ya milimita 0.25 na 0.30. Na kwa kuwa pistoni husimama bega kwa bega, bloku lazima izipokee zote mbili kwa pamoja: niliweka vipande viwili vya mbao chini ya pistoni ili zisitikisike, nikazibana ringi kwa mikanda ya bati niliyoikata kwenye kopo la maziwa, na mjomba, mwenye umri wa miaka 78, akaishikilia bloku juu huku akiniambia kila dakika nisiharakishe. Klipu mpya za pini nilizikagua mara tatu, na yeye akazikagua mara ya nne.

Iliwaka kwa teke la sita. Kwa kilomita 800 za mwanzo niliiendesha bila kuilazimisha, nikibadilisha mwendo mara kwa mara na kuepuka kuipandisha mlima kwa gia ya juu, kisha nikamwaga oili na kukaza tena boliti za hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, injini ikiwa baridi. Plagi ya kulia, upande wenye slivu, ina rangi ya kahawia iliyokauka vizuri. Ya kushoto inatoka na unyevu kidogo wa oili, na moshi mwembamba wa bluu huonekana asubuhi tu, kisha hupotea. Mjomba anasema hiyo si silinda, ni gaidi ya valvu, kile kibomba kinachoongoza shina la valvu, kwa sababu silinda mbovu ingevuta moshi mchana kutwa. Nadhani yuko sahihi, lakini safari hii nitapima kabla ya kugusa msasa.