Kunakili bila ya kusoma: nilivyopanga bakapu za zahanati yetu Chake Chake

Chake Chake watu tunajuana. Kijana anayeshughulikia bakapu, yaani nakala za akiba, za mafaili ya zahanati yetu ana mashangazi, majirani na walimu wake wa skuli humo ndani ya mafaili ya wagonjwa. Ni muaminifu, simtilii shaka. Lakini majibu ya vipimo vya mtu ni siri yake, na kunakili faili hakuhitaji kulisoma.

Kwenye seva yetu ya Windows alikuwa ametiwa katika kundi la Backup Operators. Aliyemo kundi hilo husoma faili lolote hata kama folda imefungwa asiingie, na huweza pia kurejesha, yaani kuandika la zamani juu ya jipya. Kazi mbili mbali kabisa, mikononi mwa mtu mmoja. Nikamtoa.

Badala yake nilifungua akaunti ya mfumo yenye haki ya kunakili tu, nikazuia mtu yeyote asiingie nayo kwenye kompyuta. Kazi huanza yenyewe usiku, na programu ya GnuPG husimba nakala, yaani huifunga isisomeke, kwa ufunguo wa umma. Ufunguo huo hufunga tu; kufungua kunataka ufunguo wa siri. Huo wa siri haupo kwenye seva. Asubuhi kijana anasoma ripoti, anatoa diski, basi.

Diski hupanda boti Mkoani hadi Malindi, Unguja. Ikifika, mwenzetu wa kule huipima kwa SHA-256, hesabu inayotoa alama ya faili, alama inayobadilika faili likiguswa hata kidogo, na kulinganisha herufi na tarakimu zote 64 na zile tulizompelekea kwa njia nyengine. Anajua imefika salama, asijue kilichomo.

Kijana iliingia moyoni. "Kwani mie nimefanya nini, kaka?"

"Hujafanya kitu, mdogo wangu. Siku siri ya mgonjwa ikitoka, wa kwanza kunyooshewa kidole ni aliyeweza kuifungua. Sitaki uwe wewe."

Akanyamaza, kisha akauliza: "Na wewe je, unaweza kuzifungua?"

Aliuliza la haki. Kwa hiyo ufunguo wa siri nikauweka kwenye fleshi anayoitunza daktari mkuu, na nywila yake ninayo mimi. Peke yake hawezi, peke yangu siwezi. Nakala za akiba za vyote viwili zimo kwenye bahasha mbili zilizofungwa kwa lakiri, kwa watu wawili tofauti, kwani ufunguo ukipotea bakapu zote ni bure.

Kurejesha kuna akaunti yake mbali, nayo hukaa imezimwa. Diski ya seva ilipokufa, tuliiwasha daktari akiwepo, tukarejesha kwenye folda tupu ya kompyuta nyengine, si juu ya mafaili yanayotumika. Daktari akakagua mwenyewe, ndipo tukayahamisha mahali pake. Akaunti ikazimwa saa ile ile, sote wawili tukatia saini daftarini. Sasa zoezi hilo tunalifanya kila baada ya miezi mitatu, seva iwe nzima au mbovu.