Mzee aliyesokotwa

Januari ile nilikuwa nasoma Aberdeen, Uskoti, na mwishoni mwa wiki nikihudumia wazee majumbani kwao. Mmoja alikuwa mkulima wa zamani nje ya mji. Wahudumu walikuwa wanamkwepa. Siku hiyo amekataa kula, amekataa kuoga, na chai niliyomtengea akaipa mgongo. Binti yake akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi: baba ni *thrawn*.

Nikadhani ni jina la ugonjwa.

Mzee alisikia. Akanyoosha kidole dirishani, kwenye mti wa ukingoni mwa shamba ulioinama wote upande mmoja kwa kupigwa na upepo miaka na miaka. Na ule pia ni *thrawn*, akasema. Kisha akashika pembe ya taulo nililomletea, akaisokota kwa nguvu. Hivi!

Kwa Kiskoti, *thraw* ni kusokota, kupotoa. Unaweza ku-*thraw* ufunguo, shingo ya kuku, kamba. *Thrawn* ni kilichokwisha kusokotwa: mti kombo, uso uliopotoka, na mtu wa kisirani asiyegeuzika. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na neno hilo kwa maana ya kusokota. Waingereza wa leo wamebaki nalo kama *throw*, kutupa.

Ujanani mwake, akaniambia, walisokota kamba za mabua za kufungia mapaa ya marundo ya nafaka. Mmoja analisha mabua, mwenzake anarudi kinyumenyume akizungusha kigoe. Kigoe chenyewe kinaitwa *thraw-crook*.

Hapo nikamwona bibi yangu kijijini Jambiani, Zanzibar, miguu ameinyoosha ukumbini, usumba uko pajani. Makumbi ya nazi yamefukiwa ufukweni miezi kadhaa, yamefukuliwa, yamepondwa, sasa yanageuka kamba chini ya kiganja chake. Nikakaa sakafuni, nikachukua utepe wa kitambaa, nikamwonyesha mzee tunavyosokota sisi: kiganja kinasukuma mbele, nyuzi mbili zinakumbatiana. Akavuta kiti karibu.

Jikoni, binti yake alikuwa amenieleza kwamba mama alifariki mwaka uliotangulia, na ng'ombe wote wakauzwa. Nimelibeba neno lile tangu siku hiyo. Sisi tukimwita mtu mkaidi, lawama yote tumemtwika yeye. Neno lao limebeba kutendwa ndani yake, kama -wa yetu: huyu amesokotwa. Na aliyesokotwa unatamani kujua ni nini kilichomsokota. Baadaye maktabani nililifuata hadi kwenye Kamusi ya Taifa ya Kiskoti, zile juzuu 10 zilizotoka kati ya 1931 na 1976, nikafurahi kama niliyemkuta jamaa ugenini.

Kuoga, hakuoga siku ile. Chai aliinywa imeshapoa, huku akinikosoa ninavyoshika kamba.