Saa ilivyonirudisha kwenye ethi

Nilidhani shida yangu ni saa tu. Kwenye FT8, mtindo wa redio ya ridhaa ambapo kompyuta hutumiana ujumbe mfupi kwa milio, kila kipindi ni sekunde 15, na ujumbe wenyewe huchukua sekunde 12.64. Saa ya kompyuta ikichelewa sekunde tatu hivi, unasikia milio tele kwenye bendi lakini kwenye kioo haitokei hata alama ya kituo kimoja. Ndivyo ilivyonitokea kila intaneti ilipokatika.

Nikatafuta kipokezi cha GPS, kinachopata saa kutoka kwenye setelaiti. Kwanza nilikichomeka kwa USB, nikasoma saa kwenye maandishi kinayotuma. Ilisaidia, ila maandishi hayo hufika yamechelewa, na kila mara kwa kiasi tofauti. Dawa ni waya mmoja zaidi, ule wa PPS, unaotoa mpigo mmoja kila sekunde. Nikauunga kwenye pini ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo, nikaiachia programu ya kurekebisha saa, chrony, kazi: maandishi yaseme ni sekunde ipi, mpigo useme imeanza lini hasa. Tofauti ikashuka hadi mikrosekunde chache. FT8 haihitaji usahihi wote huo, nakiri. Hapo nilikuwa najifurahisha.

Lakini antena ya GPS lazima ione anga, kwa hiyo nikaipandisha mlingotini. Siku hiyo ndipo nilipoitazama ethi yangu, yaani rodi na nyaya za kupeleka umeme ardhini, nikaona aibu. Rodi ya redio ilikuwa huku, ethi ya umeme wa nyumba kule, hazijuani. Radi ikipiga karibu, udongo wa pande hizo mbili huwa na volti tofauti kabisa, na daraja pekee kati yake ni nyaya zinazopita ndani ya redio na kompyuta.

Nikapigilia rodi mbili zaidi za mita 2.4, zikiachana karibu mita 5, maana zikikaribiana zinagombea udongo uleule. Zote nikaziunga pamoja na ile ya umeme. Kwenye maungio nilitumia utepe mpana wa shaba badala ya waya. Waya ulionyooka una takriban mikrohenri moja kwa kila mita. Mkondo wa radi ukipanda ampea 10,000 ndani ya mikrosekunde moja, kila mita hiyo inabeba volti 10,000. Ndiyo maana njia ya ethi huwa fupi, pana, isiyo na kona kali. Kebo zote za antena (koaksia) nikazipitisha kwenye bamba moja la shaba, kila moja na kizuia radi chake.

Hapo saa ikafa. Setelaiti sifuri.

Nililaumu antena, nikapanda mlingoti mara mbili bure. Mita ya kupimia volti ndiyo iliyonifumbua macho: zile volti 5 za kuilisha antena hazikuwepo kwenye kebo. Kizuia radi nilichofunga kilikuwa cha robo wimbi, ambacho waya wake wa kati umeungwa na ethi moja kwa moja. Mawimbi ya GPS yanapita vizuri. Umeme wa DC, ndio hizo volti 5, unakuta shoti. Nikaweka cha kapsuli ya gesi kinachopitisha DC, na baada ya dakika chache setelaiti zikarudi.

Kelele za bendi hazikupungua kwa ethi hiyo mpya. Zilitoka kwenye chaja ya simu yangu mwenyewe. Ila sasa nikiona 1.4 kwenye safu ya DT, inayoonyesha tofauti ya saa kwa sekunde, najua ni saa ya mwenzangu.