Kabla mbuzi hajachinjwa

Desemba ikiingia tu, kikundi cha WhatsApp cha ukoo wetu hakilali. Nani anapanda na gari lake, nani amekata tiketi ya basi, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, itachomwa kwa nani, mchango wa turubai umefikia wapi. Napenda heka heka hizo. Mchaga aliyekaa Dar mwaka mzima akisikia mtori, supu yetu ya ndizi, umetajwa, moyo wake umeshavuka Chalinze. Linaloniuma ni jingine: tunasafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Marangu, mlimani Kilimanjaro, kwa sikukuu ya Bwana, halafu Bwana mwenyewe tunampa ibada moja ya tarehe 25, tena wengine wamesimama nje ya kanisa wakipiga simu kuuliza kama nyama imeiva.

Nyumbani kwangu Kimara, Dar, tunaanza mapema. Jumapili zote nne za Majilio, zile za kuingojea Krismasi, usiku, runinga inazimwa, tunawasha mshumaa na mtoto mmoja anasoma Biblia. Mdogo bado anasoma kwa kuunga silabi na hatumharakishi. Mwaka jana alipofika pale Luka anaposema "hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni", aliacha kusoma akauliza kwa nini hakuna aliyempisha yule mama kitanda. Tulikaa na swali hilo hadi mshumaa ukabaki kipande.

Lakini sala ya mezani pekee haitoshi ikiwa kule mlimani ndugu hawaamkiani. Baba mkubwa na baba mdogo waligombana juu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Masale aliyopanda babu kuonyesha mpaka yaling'olewa upande mmoja, na tangu hapo kila Krismasi walikuwa wanakula boma moja, huyu huku na yule kule, sisi watoto wao tukipeleka sahani katikati.

Bibi ndiye aliyekata shauri. Asubuhi ya tarehe 24 mbuzi ameshafungwa kwenye mgomba, visu vimenolewa, akasema mbuzi hachinjwi mpaka kila mtu aje hapa. Tukaitwa wote, hata waliokuwa wanakoroga mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Akamwagiza dada yangu asome Mathayo 5, pale Yesu anaposema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, "upatane kwanza na ndugu yako". Kimya kilikuwa kirefu. Kisha baba mdogo akainuka, akaenda kwenye uzio, akarudi na jani la sale mkononi, akamwambia kaka yake shikamoo.

Kwetu, sale ni ishara ya kuomba radhi, na anayeletewa hatakiwi kulikataa. Baba mkubwa alilipokea kwa mikono miwili, akaitikia marahaba, machozi yakimtoka. Mpaka wenyewe haukumalizwa siku hiyo. Ulipimwa Januari mbele ya wazee, na kila mmoja aliachia kidogo. Chakula kilichelewa mno. Hakuna aliyelalamika.

Kesho yake walikaa benchi moja kanisani. Aliposomwa Isaya na yule "Mfalme wa amani", nilimwona bibi akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari anayoijua vizuri. Baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, mkungu wa baba mdogo ulipandishwa bei na baba mkubwa mpaka watu wakapiga vigelegele.

Naamini nafasi ya Mungu haipatikani kwa kubana ratiba. Lazima kitu kitoke. Kwa hiyo mwaka huu nimeandika kikundini mapema: tarehe 24, kuanzia saa kumi jioni, hakuna kutumwa sokoni Mwika wala Moshi mjini, hakuna kupika. Anayedaiana maneno na ndugu yake ayamalize mchana, jioni tusali pamoja, kisha twende mkesha. Wa kwanza kujibu alikuwa baba mdogo: ulezi wa mbege ataleta yeye, na somo la Isaya tumwachie asome.